Nyasi za Blatten

Jioni ya tarehe 28 Mei 2025 kitinda mimba wangu alinijia barazani na simu mkononi. "Baba, siyo huku ulikokwenda kukata nyasi?"

Kwenye kioo wingu la vumbi lilikuwa linashuka mlimani kama mtu kamwaga gunia la unga. Sikusubiri kusoma jina la mahali. Kabla vumbi halijalifunika bonde niliuona ukingo wa msitu ng'ambo ya mto, nikaujua, kama unavyomjua mtu kwa mwendo wake hata akiwa mbali. Nikamwambia, "Ndiko." Sikusema neno jingine mpaka chakula cha usiku.

Nyumbani kwangu hadithi ya nyasi ni ya kuchekwa. Watoto wamekua wakiisikia: Baba alipanda ndege mpaka Ulaya akapewa kazi ya kufyeka. Huwa naisimulia hivyo hivyo kwa utani. Sasa naiandika bila utani, au na utani kidogo tu.

Mtu wa Ifakara kufika Uswisi si ajabu kubwa kama inavyodhaniwa. Kwetu mapadri Wakapuchini walikuwa Waswisi, masista wa Baldegg walikuwa Waswisi, na madaktari wengi wa hospitali ya Mtakatifu Fransisko vilevile. Profesa Rudolf Geigy wa Basel alifika mwaka 1949 kuchunguza wadudu na magonjwa ya bonde la Kilombero, na mwaka 1957 ikafunguliwa maabara ambayo leo ni taasisi kubwa ya utafiti wa afya. Nilipokuwa mdogo, mtaani kwetu Mzungu alikuwa Mswisi mpaka uambiwe vinginevyo.

Miongoni mwao alikuwepo mkunga mmoja, si sista, mwanamke wa kawaida tu mwenye baiskeli. Aliwapokea wadogo zangu wawili walipozaliwa. Jina lake la kwao hakuna aliyelitumia. Alikuwa Mama Mkunga, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kubishana bei ya dagaa. Aliporudi kwao kustaafu aliendelea kumwandikia mama yangu barua. Mwaka 1992, nikiwa na miaka 21, nimetoka JKT na sina kazi, barua ikaja na tiketi ndani yake. Aliandika: mtume huyo kijana kwa kiangazi kimoja, kaka yangu ana nyasi nyingi na mgongo mbovu.

Rafiki zangu waliniagiza redio kaseti. Mmoja aliniagiza raba, akachora unyayo wake kwenye karatasi ya daftari. Hakuna aliyelisikia neno "nyasi", na mimi mwenyewe niliona ni namna ya kusema tu.

Ukitoka Bern kwenda kusini kwa treni ya njia ya mlimani, unapita Thun, unapita Spiez, unapanda mpaka Kandersteg, halafu unamezwa na handaki la Lötschberg. Lina urefu wa kilomita 14 na zaidi, na treni zimepita humo tangu 1913. Mimi nilijiona mzoefu, kwa kuwa nilishapita mahandaki ya TAZARA kati ya Mlimba na Makambako. Yale unavuta pumzi mbili umetoka. Hili nilisali rozari nusu. Baadaye niliambiwa kwamba wakati wa kulichimba, Julai 1908, walitoboa kwa bahati mbaya chini ya bonde lililojaa mchanga na maji, vikaingia ndani, vikawazika wafanyakazi 25, wengi wao Waitaliano. Nafurahi niliambiwa baadaye.

Mnatokea upande wa pili kwenye stesheni ya Goppenstein iliyobanwa na miamba. Hapo unapanda basi la njano la posta, ambalo kila kona kali linapiga honi ya sauti tatu kama tarumbeta. Linapita vijiji vya Ferden, Kippel na Wiler, na cha mwisho kilikuwa Blatten, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Katikati ya bonde unapita mto Lonza, mweupe kama maji yaliyooshea mchele, kwa sababu unabeba vumbi la mawe yanayosagwa na barafu. Upande wa kusini umesimama mlima Bietschhorn, mita 3,934, na wakati ule mabega yake yote yalibeba barafu.

Mama Mkunga alikuwa kituoni na sweta mkononi, la kwangu. Nikamwamkia, "Shikamoo Mama." "Marahaba mwanangu. Mbona umekonda hivyo?" Pembeni yake kasimama mzee mmoja kofia mkononi, kiganja kama gome la mkwaju. Nilijiuliza nimwiteje. Lakini kama huyu ni mama, basi kaka yake ni mjomba, halina mjadala. Nikamwamkia shikamoo. Dada yake akamfundisha jibu palepale, na tangu siku hiyo kila asubuhi, miezi miwili na nusu, alinijibu "Maraba" kwa uzito wa mtu anayeweka sahihi.

Maneno mengine hatukuwa nayo. Nilikuwa nimejifunza Kijerumani miezi sita kwa kitabu cha paroko, nikidhani nimejiandaa. Kile wanachozungumza bonde lile ni Kijerumani cha jimbo lao la Valais, na nilikata tamaa siku ya kwanza. Kilichoniokoa ni watalii wawili kutoka Ujerumani waliopita wakiuliza njia. Mjomba akawajibu kwa kirefu. Wakanigeukia mimi, mimi kijana wa Ifakara, kuniuliza mzee amesema nini.

Njia zenyewe zina vibao vya njano ambavyo havitaji kilomita, vinataja saa: kijiji fulani, saa moja na dakika ishirini. Nilivipenda mno. Kwetu mtu akikwambia "hapo tu" ujue ni nusu siku, na akisema "sigara moja" inategemea anavyovuta. Wale wamepima. Lakini wamepima kwa miguu yao. Mtu wa bondeni anachelewa nusu saa kila kibao.

Wiki niliyofika ilikuwa ya sikukuu ya Ekaristi. Maandamano ya sakramenti nayajua, kwetu tunatandika majani na maua njiani. Sikutarajia kuona wanajeshi. Wanaume wa kijiji, wale wale niliowaona na mabuti ya zizini, walitokea na makoti mekundu, suruali nyeupe na kofia ndefu za manyoya ya dubu, wakatembea na padri kwa hatua za gwaride. Nikadhani ni fahari ya taifa tajiri. Mama Mkunga akaninong'oneza kwamba sare zile ni kumbukumbu ya njaa. Zamani bonde halikuweza kulisha watoto wake wote, na vijana walikwenda kuwa askari wa kukodiwa wa wafalme wa nchi za nje. Waliopona walirudi na makoti. "Walikuwa maskini kuliko nyinyi," alisema, halafu akaniangalia kuona kama nimeamini. Sikuamini.

Baada ya misa bibi mmoja jirani alinishika mkono akazungumza kwa muda mrefu, macho yamelowa. Mama Mkunga alisita kutafsiri. Nikamsihi. Alisema bibi anakumbuka alipokuwa mtoto, kanisani kulikuwa na kisanduku cha sadaka ya misheni, juu yake sanamu ya mtoto mweusi amepiga magoti. Ukidumbukiza sarafu, sanamu inainamisha kichwa kushukuru. Alinyimwa peremende ili atumbukize sarafu. Na sasa amemwona mtu mwenyewe. Nilisimama pale sijui nifanye nini na kichwa changu, maana hata kutikisa tu kungekuwa kushukuru. Nikamshikia mkono wake kwa mikono yangu yote miwili, kama tunavyowashika bibi zetu, tukaachana hivyo. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi, na bado sina hasira nalo wala sijalipenda.

Sasa nyasi.

Shamba la nyasi la Mjomba halikuwa tambarare karibu na nyumba. Lilikuwa juu, pembeni mwa kitongoji cha Weissenried, kwenye mteremko ambao ukiangusha kofia unaifuata mpaka mtoni. Mashine haisimami pale. Anakata kwa mundu mkubwa, mpini wa kimo cha mtu wenye vishikio viwili, na ubapa wa chuma mwembamba uliopinda, mrefu kama mkono wangu kuanzia bega.

Mimi nimesoma shule za msingi za Tanzania. Fyekeo nalijua kuliko kalamu. Kwa hiyo asubuhi ya kwanza, Mjomba aliponionyesha kwa kukata mistari miwili taratibu, nikaona ananichelewesha. Nikashika, nikainua mpaka begani, nikashusha kwa nguvu kama tunavyofyeka uwanja wa mpira kabla ya mkaguzi kuja. Pigo la kwanza ncha ilizama ardhini. Pigo la pili lilipiga jiwe, na nilisikia sauti niliyoijua hata bila lugha. Kwenye makali palikuwa na pengo la ukubwa wa kucha.

Mjomba hakusema kitu. Alichukua ule mundu, akapitisha kidole gumba, akanipa reki ya mbao. Siku nzima nilikokota nyasi pamoja na binti yake wa miaka kumi, ambaye alikuwa ananirekebisha.

Jioni akaniita nyuma ya nyumba. Alikuwa amekaa kwenye gogo, mbele yake kifuawe kidogo, hakizidi ngumi, kimepigiliwa kwenye mti. Akalaza makali juu yake akaanza kugonga na nyundo, pigo dogo dogo, kila pigo kando ya lenzake, ukingo ukawa unatandazika mwembamba kama karatasi. Chuma cha aina ile hakinolewi kwa tupa. Kinagongwa kikiwa baridi mpaka kinyooke, ndipo kinoo kinamalizia. Ilimchukua saa nzima kulipunguza lile pengo, na hakuliondoa lote. Huku anagonga nikagundua kwamba mlio ule ule unatoka nyumba ya pili, na ya tatu, na ng'ambo ya kanisa. Kijiji kizima kilikuwa kinagonga makali ya kesho. Nilikaa hapo mpaka giza, na huko giza la Juni linakuja saa 4 usiku.

Akanifundisha upya. Mundu ule hauinuliwi, unateleza juu ya ardhi kama mtu anafagia, kiuno ndicho kinachozunguka, mikono inafuata tu. Unakata alfajiri umande ukiwepo, kwa kuwa jani kavu linalala na kukwepa. Kila baada ya dakika chache unasimama, unachomoa kinoo kutoka kwenye pembe ya ng'ombe yenye maji iliyoning'inia kiunoni, unapitisha huku na huku, unaendelea. Mtu mwenye haraka hawezi kazi ile. Nilichukua wiki mbili kuacha haraka. Mwezi wa pili nilikuwa nakata mstari wangu nyuma yake, na mara moja tu aligeuka, akautazama, akageuka tena mbele. Dada yake aliniambia hiyo ndiyo sifa, nisisubiri nyingine.

Nilimuuliza Mama Mkunga kwa nini wanahangaika na mteremko ule. Ng'ombe walikuwa watano. Nyasi za kununua zipo. Akampelekea Mjomba swali, na jibu likaja refu kuliko maneno yote niliyowahi kumsikia. Nyasi zisipokatwa, zinarefuka, na baridi ikija zinalala zikielekea chini, laini kama mkeka. Theluji ikiangukia mkeka ule inateleza yote kwa pamoja. Iliyo chini ya mteremko ni nyumba. Kwa hiyo anayekata juu hakati kwa ajili ya ng'ombe wake tu, anakata kwa ajili ya paa la jirani. Msitu ulio juu ya kijiji nao ni hivyo hivyo, hakuna anayegusa mti wake kiholela, maana unazuia maporomoko. Haya sikuyakuta kwenye kitabu cha paroko.

Mchana jua likichoma, ng'ambo ya mto tulikuwa tunasikia mawe. Kwanza mlio mkavu mmoja, halafu mengine yanafuatana, halafu kimya. Mjomba alikuwa anasimamisha mundu, anasikiliza mpaka mwisho, ndipo anaendelea. Mama Mkunga alikuwa na neno lake, "Mlima umekohoa." Alinieleza kwamba miamba ya juu imeshikwa na barafu iliyo ndani ya nyufa, kama saruji kwenye tofali. Usiku inaganda, mawe yanatulia. Mchana inalegea, mawe yanaanguka. Ndiyo maana ukitaka kupita chini ya korongo la mawe unapita asubuhi.

Nilielewa mara moja, kwa sababu nimekulia karibu na mto Kilombero. Masika wazee wetu walichomeka kijiti ukingoni jioni, na asubuhi kabla ya chai mtu anakwenda kuangalia maji yamefika wapi. Hawauogopi mto. Wanaujua tabia. Mjomba alikuwa mzee wa kijiti, tofauti yake kijiti chake kilikuwa sikio. Kuanzia hapo sikumwona tena kama Mzungu mwenye mashamba ya ajabu. Nilimwona kama mtu wa Kivukoni kwetu, kando ya mto.

Nikaumwa hamu ya ugali. Mkate wao mweusi ni mgumu, mzuri, unakaa wiki, lakini haushuki tumboni ukatulia. Mama Mkunga akashuka na basi mpaka mjini, akarudi na unga wa mahindi wa Kitaliano, wa chengachenga, wa njano. Nikacheka peke yangu: unga wa Yanga! Ule wa msaada tuliokula miaka ya shida, tukaupa jina la timu kwa rangi yake. Nimeruka bara zima kuukimbia nikaukuta. Akausonga mpaka ukashika, tukamega kwa mkono, mboga yake jibini iliyoyeyushwa motoni. Mjomba akatazama tunavyofinyanga tonge, akajaribu, akaungua vidole, akatamka neno moja. Nikauliza maana yake. Mama Mkunga akasema, "Hilo halina Kiswahili."

Agosti 1, siku yao ya taifa, waliwasha mioto juu ya vilele, na ukiangalia bondeni ulihesabu mmoja baada ya mwingine mpaka mbali. Mwisho wa mwezi nikaondoka. Redio kaseti sikuipata. Raba niliipata, nikakosea mguu, nilikuwa nimepoteza ile karatasi.

Mama Mkunga alifariki miaka kumi na kitu baadaye, Mjomba akamfuata. Binti aliyekuwa ananirekebisha reki ndiye aliyebaki na nyumba. Tumekuwa tukisalimiana kwa simu kila Krismasi, tunaitana binamu.

Yaliyotokea wengi mmeyasoma. Mwamba wa kilele kidogo juu ya mto wa barafu wa Birch ulikuwa unameguka kwa siku kadhaa, mawe yakirundikana juu ya barafu mpaka ikalemewa. Tarehe 19 Mei wakazi wote, kama 300, waliambiwa watoke na mifugo yao. Ng'ombe mmoja mwenye mguu mbovu alibebwa kwa helikopta. Tarehe 28 barafu na mamilioni ya mita za ujazo za mawe vikashuka pamoja. Karibu kijiji chote kikafukiwa. Lonza ukazibwa, maji yakajaa, nyumba chache zilizosalimika zikazama. Mtu mmoja alikufa. Wataalamu wanasema joto linaloongezeka linailegeza ile saruji ya ndani ya milima, ingawa kwa mlima mmoja mmoja wanakuwa waangalifu kutaja sababu moja.

Nilimpigia binamu siku ya tatu. Alikuwa kwa rafiki, kijiji cha chini. Alizungumza Kiingereza chake cha taratibu. Hakulia. Alisema Weissenried iko palepale, shamba la baba yake la nyasi liko palepale, na njia ikifunguliwa atapanda akakate, kwa sababu baridi haisubiri. Nikamuuliza anakata kwa ajili ya paa la nani. Akanyamaza kidogo, akasema bado kuna nyumba za Weissenried.

Halafu akaniuliza kama nina picha. Zake zote zilikuwa kwenye kabati la sebuleni.

Ninazo tatu. Nilizipiga kwa simu nikamtumia. Katika ya kwanza niko na sweta. Ya pili ni gwaride. Ya tatu Mjomba amesimama mbele ya ghala, mundu begani, na ukiikuza unaliona lile pengo langu kwenye makali. Baada ya muda mfupi akaniandikia: hapo nyuma, mlango wa ghala uko wazi, ndani kuna mtu. Ni nani?

Nikavaa miwani, nikaipeleka picha dirishani. Miaka 33 imekaa kwenye albamu yangu, na sikuwahi kumwona. Ni Mama Mkunga, ameinama, ameshika sufuria kwa kitambaa.